Neoptolemus na upinde wa Philoctetes

Tangu nisome tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, iliyoonyeshwa Athens mwaka 409 KK, Neoptolemus hajanitoka akilini. Kijana huyu, mwana wa shujaa Achilles, anaamriwa na Odysseus, kiongozi mmoja wa Wagiriki, amhadae Philoctetes, mgonjwa aliyetelekezwa kisiwani Lemnos, ili ampokonye upinde ambao Wagiriki wanauhitaji ili kuuteka mji wa Troy. Anatii, tena anafaulu; lakini baada ya kumwona mgonjwa akizidiwa na maumivu na akimkabidhi upinde kwa imani, dhamiri inamsuta, naye anaurudisha mbele ya Odysseus mwenyewe, anayemtishia kwa jeshi zima la Wagiriki. Kinachonigusa zaidi ni kwamba anauliza itakuwaje wakiishambulia nchi yake, na bado anakubali kumrudisha Philoctetes nyumbani kwake.