Wikiendi zetu Freiburg, Jumamosi mjini Jumapili mlimani

Ndugu na marafiki wakituuliza wikiendi huwa tunaenda wapi wanategemea tutaje Paris au Berlin, na sisi jibu letu ni lile lile, tumezunguka hapa hapa Freiburg, mji wetu huku kusini magharibi mwa Ujerumani, na milima yake. Na nasema kwa moyo mweupe kabisa hizi ndio wikiendi nzuri kuliko zote tangu tuoane. Katikati ya wiki hatuonani jamani, mume wangu yupo zamu ya usiku mimi nipo darasani, tunapishana mlangoni funguo mkononi. Kwa hiyo hizi siku mbili tunazilinda kwelikweli.

Jumamosi lazima iwe ya mjini maana Jumapili maduka yanafungwa, supamaketi na kila kitu, na sio mazoea tu, Jumapili inalindwa mpaka kwenye katiba yao, hata kwenda kutupa chupa kwenye yale makontena ya vioo mtaani hairuhusiwi siku hiyo sababu ya kelele. Basi asubuhi tunabeba mfuko wa chupa tupu za plastiki za wiki nzima, tunaziingiza moja moja kwenye mashine pale supamaketi, mashine inaizungusha chupa mpaka ione alama yake halafu inaivuta ndani unasikia inapondwa huko nyuma, kila chupa unarudishiwa senti 25 za euro, mwisho inatoa karatasi unaenda nayo kaunta. Mume wangu anaiita hela ya kahawa na haigusi mtu kwa kitu kingine.

Kutoka hapo tunaenda soko la Münsterplatz, lile linalozunguka kanisa kuu. Soko lipo kila siku isipokuwa Jumapili ila Jumamosi ndio linanoga. Mimi napenda upande wa kaskazini, ndio wakulima wa maeneo ya huku wanapouza mazao yao, na ndio kwenye vibanda vya soseji ndefu wanayoiita Lange Rote, karibu sentimita 35, mkate unabaki katikati tu soseji inatokeza huku na huku, muuzaji swali lake ni moja, na kitunguu au bila? Na kitunguu bwana, kimekaangwa mpaka kimekuwa kahawia.

Kanisa lenyewe msilipite hivi hivi. Lilianza kujengwa karibu mwaka 1200, mnara wake wa mita 116 ukakamilika karibu 1330, na mabomu ya Novemba 1944 yaliposambaratisha mitaa ya jirani mnara ulibaki umesimama. Ingieni ndani muangalie madirisha ya vioo vya rangi, yapo yaliyolipiwa na wenye migodi ya madini ya fedha, na sehemu ya chini wamechorwa wachimbaji wenyewe wakiwa kazini. Nilisimama pale muda mrefu kweli, maana unaona kabisa hela ya kanisa ilitoka kwenye mikono ya nani.

Na hayo madini yalitoka Schauinsland, mlima ambao sisi tunapanda Jumapili! Unachukua tramu, ile treni ya barabarani, namba 2 mpaka Günterstal, halafu basi namba 21 linakushusha chini ya mlima, hapo unakata tiketi ya kebokaa, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Vipo tangu 1930, urefu wa njia kilomita 3.6, kama dakika 20 mpo wawili tu hewani miti ya misonobari ikipita chini ya miguu yenu. Hapo ndipo tunapoongea mambo yetu yote, ya hela, ya wazazi, ya kama tuzae huku au tusubiri, kwakweli nyumbani mada hizo huwa hatufiki nazo mbali, simu inalia, mtu anasinzia.

Juu kabisa ni mita 1284. Kuna miti imepinda yote upande mmoja kwa ajili ya upepo, matawi yamelala kabisa, mume wangu hachoki kuipiga picha. Kuna na mgodi wa zamani umefanywa makumbusho, wamechimba pale kwa karne na karne.

Titisee nako tunaenda, ziwa zuri, treni inapanda kwenye bonde jembamba na miamba imekaribia dirisha, ila kiangazi watu wanajaa mno na maduka ya zile saa za ukutani zenye kindege kinacholia kuku-kuku yanafunguliwa hata Jumapili, kwa hiyo ule utulivu tunaoufuata haupo. Mimi ningewaambia nendeni asubuhi sana au vuli.

Nauli isiwatishe. Tuna ile tiketi ya mwezi, Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, Januari 2025 ikawa 58 na 2026 ikapanda tena mpaka 63, tumelalamika wote lakini bado inalipa, unapanda tramu, mabasi na treni za kawaida nchi nzima, zile za mwendo kasi ndio haihusiki. Inakufikisha hata Basel Badischer Bahnhof, stesheni ambayo ipo ndani ya Uswisi.

Kitu kimoja kwa mtakaokuja miezi ya baridi. Freiburg inaweza kufunikwa na ukungu kutwa nzima, mji wa kijivu, mtu hata hamu ya kutoka hana, kumbe huko Schauinsland jua linawaka na ukungu wote upo chini yenu, na siku ikiwa safi milima ya Alpi inaonekana kule kusini. Kwa hiyo kabla hamjaamua kubaki kitandani fungueni kwanza kamera za mlimani mtandaoni, mkiona jua vaeni buti, chukueni chai kwenye chupa na mkate, tramu hiyo.