Glasi ya Maji ya Chini ya Tuta

Wiki iliyopita mtoto wa marehemu kaka alinipigia simu kutoka nyumbani. "Shikamoo, shangazi. Hivi nikifunga wavu pale kwenye utoro, maji ya ziada ya lambo yanapotokea, ili perege wasitoroke mvua zikija, kuna ubaya?" Niliitikia marahaba, kisha nikanyamaza kwa muda mrefu hata akadhani mtandao umekatika. Lambo ni lake sasa, na ana haki ya kufuga samaki, lakini aliponitajia utoro mimi nilikuwa nimekwisha kurudi jikoni kwa mama, mwanzoni mwa mwaka 1998, nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Ilikuwa ni zile mvua za El Niño. Mwaka uliotangulia ukame ulikuwa umetuulia ng'ombe, na baba, kwa uchungu wa kuona maji ya mwisho wa masika yakipita utoroni na kupotelea bondeni, alipanga viroba vya mchanga mle utoroni mpaka kimo cha kiuno cha mtu. Utoro ndio njia pekee ambayo maji ya ziada hupita bila kuligusa tuta, na kuupandisha ni kuyaambia maji yatafute njia nyingine. Hakuna aliyeliwaza hilo wakati huo. Tulifurahi kwamba lambo litajaa kuliko miaka yote.

Chini ya tuta, upande wa nje, palikuwa na mahali panapotoa jasho la maji tangu nilipopata akili. Mama aliyapenda maji yale kwa kupikia kwa sababu yalikuwa maangavu, na mimi ndiye niliyetumwa kuyakinga kwa kata kila asubuhi. Siku hiyo nilirudi na ndoo yenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Baba alitazama mara moja akasema ni mvua tu, kila maji yamechafuka.

Mama hakubishana naye. Alifungua kabati, akatoa glasi ya wageni, ile yenye maua ya bluu ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, akachota maji yale na kuiweka dirishani. Kisha akanituma nichote maji ya lambo lenyewe katika glasi ya pili, akaziweka sambamba. Tukakaa. Mvua ilikuwa imepumzika na mwanga wa asubuhi ulipita katikati ya zile glasi mbili. Nakumbuka nilivyoona vumbi la udongo likishuka polepole ndani ya maji, kama unga unaozama kwenye sufuria kabla ya kukorogwa, mpaka likatulia chini na kufanya tabaka lenye unene wa ukucha. Katika glasi ya lambo tabaka lilikuwa la kijivu, kwa kuwa mafuriko yalitoka kwenye mbuga ya udongo mweusi. Katika glasi ya kwanza lilikuwa jekundu. Mama aliinamisha glasi, akamwaga maji, akachukua ule udongo kwa ncha ya kidole na kuusugua. "Huu ni udongo wa kichuguu," alisema. "Nilioubeba kichwani mwenyewe wakati tunajenga tuta." Baba aliutazama ule wekundu kwenye kidole cha mkewe, akaondoka bila kumaliza uji.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Maji yalikuwa yamebakiza shibiri mbili kufika juu ya tuta. Baba na kaka waliviondoa viroba kimoja kimoja huku maji yakinguruma utoroni, na jirani mmoja mzee, aliyewahi kuwa kibarua katika ujenzi wa malambo ya serikali, aliwakataza kuziba kwa udongo lile tundu la chini ya tuta, ambalo maji yalikuwa yakitoka nalo na udongo wa tuta lenyewe. Alisema maji yaachwe yatoke ila udongo uzuiwe: kwanza mchanga, juu yake kokoto, juu ya kokoto mawe. Tulibeba makarai mpaka usiku. Tundu lilikuwa chini kidogo ya kisiki cha mwarobaini ambao baba aliukata miaka kadhaa nyuma, na yule mzee alisema mizizi ilipooza iliacha vijia ndani ya tuta. Siku ya tatu maji yakawa maangavu tena.

Lakini kwenye majaruba ya chini kulikuwa na kaya tatu. Usiku ule, nikiwa nimeshika chemli, nilimuuliza baba kama niende kuwaamsha. Alisema, "Usiwatie watu hofu bure." Sikwenda. Walilala, wakaamka, wakaja kutusalimu, na mpaka leo hawajui.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma habari za bwawa la South Fork kule Pennsylvania, Marekani, bwawa la udongo la klabu ya matajiri wavuvi, ambao waliushusha ukingo wa tuta na kuweka vyuma kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilipokuja, takataka zilinasa kwenye vile vyuma, maji yakapanda juu ya tuta, na watu 2,209 wakafa. Na tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba binafsi lilipobomoka usiku kule Solai, Nakuru, na kuua zaidi ya watu arobaini, sikulala. Niliwaona wale wa majarubani kwetu.

Basi nilimwambia kijana asifunge wavu, na nikamweleza kisa chote, pamoja na sehemu ambayo babu yake hakuwahi kuisimulia. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Na wale wa chini, shangazi, waliambiwa?" Nikamjibu kwa swali: siku hizi wako kaya ngapi? Alisema hajawahi kuhesabu.

Jana asubuhi alinitumia ujumbe. Kaya kumi na nne, na darasa la chekechea ambalo wazazi wamelijenga kwa michango yao, karibu kabisa na ule mkondo wa utoro. Nimekata tiketi ya basi la Jumamosi. Sijajua nitabisha hodi mlango upi kwanza, wala nitaanza kwa kuwaeleza ya leo au ya mwaka ule.