BA ya Kiswahili inavyonilisha hapa Tanga, pamoja na kuku wa mjomba

Nimechoka kuulizwa, "Sasa hiyo BA ya Kiswahili na Historia utafanyia nini?" Nimeulizwa harusini, nimeulizwa msibani watu wakiwa bado wamekaa jamvini, nimeulizwa na konda wa daladala ya Raskazone ambaye wala hanijui. Basi najibu hapa mara moja. Anayetaka asome, asiyetaka aendelee kumlazimisha mwanawe asomee kompyuta.

Kwanza tuwekane sawa. Nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, BA tupu, si ile yenye ualimu. Watu wa nje hawaoni tofauti, ndiyo maana kila shangazi ananiambia, "Si uombe ukafundishe pale Usagara." Shangazi yangu, kwa cheti hiki serikali hainiajiri ualimu mpaka nirudi darasani nikachukue stashahada ya uzamili ya elimu, na ada atatoa nani? Maneno hayo yangefaa wakati najaza fomu za kuomba chuo. Wakati ule ulikuwa kimya.

Maisha ya chuo nayo yanasimuliwa sana na watu ambao hawajawahi kubebana. Mie nilibebwa Mabibo, kitanda kimoja watu wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kule, na ukigeuka lazima umwamshe mwenzio mgeuke pamoja. Zilipofunguliwa hosteli za Magufuli 2017 ndipo nikajua kulala chali. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, chipsi kuku kila kona. Likikata, wali na mchuzi wa maharage ambao maharage yenyewe unayatafuta kwa kijiko. Wenzetu wa uhandisi walikuwa wakituita watu wa hadithi, lakini ripoti za mwaka wa mwisho zikikaribia walikuwa wanapajua chumbani kwangu bila kuelekezwa. Nilikuwa nawanyooshea sentensi kwa malipo ya kila ukurasa, hela ya vocha na chai, na wengine hadi leo hawajamalizia. Wamo maofisini sasa, na madeni yangu wanayo.

Darasani nako sitaki kusema nilipoteza muda. Pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo, tulikuwa na mwalimu wa tafsiri aliyekuwa akiturudishia kazi bila alama yoyote, na juu kaandika swali moja tu: atakayesoma hii amesimama au amekaa? Tulikuwa tunamcheka. Shikeni hilo swali, nitalirudia.

Baada ya mahafali nilifanya kama kila mtu: bahasha za kaki, vyeti vilivyothibitishwa na wakili, akaunti ya Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi serikalini. Kuna usaili mmoja nilipanda basi hadi Dodoma, nikakuta watu wamejaa ukumbi na wengine wamekaa chini ya miti, nafasi zenyewe za kuhesabu kwa vidole. Nauli ya kurudi niliazima kwa binamu. Mambo ya huko naishia hapo.

Kurudi nyumbani Ngamiani ndipo mjomba aliponishika. Mjomba wangu ni mtu wa video za "jiajiri". Aliona jamaa mmoja simuni, mwenye suti, kasimama kwenye banda la kuku anasema vijana acheni kuzunguka na bahasha. Yule mwenye suti, kwa mtazamo wangu, kuku wake ni sisi tunaomtazama. Mjomba akaja na laki kadhaa: "Mwanangu, hela hii hapa, vifaranga mia wa nyama, wiki sita unauza, unarudia. Digrii yako weka ukutani." Mama akasema inshallah. Mie nilikuwa sina nauli hata ya kwenda Kange, ningekataa vipi?

Banda tukalijenga uani kwa mabanzi, maranda chini, jiko la mkaa katikati usiku. Jamani, vifaranga wanapendeza. Nilikuwa nawaamkia. Siku ya saba ikafika ya chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, ile chanjo ya kuweka kwenye maji ya kunywa. Muuza duka la dawa za mifugo, mzee mmoja tunamwita Ami, akanipa kichupa na maelekezo: "Changanya na maji tu, wanywe." Nikachukua maji ya bomba, nikachanganya, nikawawekea asubuhi, yakakaa hapo hadi adhuhuri. Baada ya muda wakaanza kuharisha kijani. Halafu mmoja akapinda shingo, akawa anatazama mbinguni. Kufumba na kufumbua nusu ya banda inatazama mbinguni. Majirani wakanishauri: pilipili, shubiri, majivu, mmoja akataka niwafukizie. Niliwapa vyote. Wakafa na pilipili yao.

Nikiwa nafagia banda nikaokota lile boksi la chanjo, ndani mna kikaratasi kimekunjwa kunjwa, Kiingereza kitupu, herufi kama siafu. Nikakaa juu ya ndoo, nikasoma. Kimeandika kila kitu! Usitumie maji yenye klorini, maana chanjo ni hai na klorini inaiua, na bomba letu lina klorini. Ukikosa maji mengine, tia kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Wanyime kuku maji saa moja au mbili, wapate kiu. Yakishachanganywa yanywewe yaishe ndani ya saa mbili. Mie nimewapa maji matupu yenye rangi, nusu siku nzima, kwa gharama ya mjomba.

Nikaenda dukani na kikaratasi changu nimekinyoosha mkononi, hasira imenifika hapa. "Shikamoo Ami. Hiki umewahi kukisoma?" Akavaa miwani, akakigeuza, akakigeuza tena. "Mwanangu, mie nauza tu. Hayo wanaandikiana wao kwa wao."

Hapo hasira ikaniisha, nikaona kitu kingine. Dukani mle pamejaa vichupa, kila kimoja na kikaratasi chake, na wanunuzi wote wanaondoka na "changanya na maji tu". Nikaenda stesheneri nikanunua manila na maka peni kwa hela ya mwisho ya mjomba. Na hapa ndipo swali la mwalimu wangu lilipofaa: msomaji wangu amesimama, mkono mmoja ana kikapu, anangoja chenji. Kwa hiyo sikutafsiri kikaratasi kizima. Niliandika mistari michache, herufi kubwa, kila mstari jambo moja la kufanya, nikaanza na lile linaloua kuku. Nikaibandika usawa wa macho, pale pale Ami anapotolea chenji, wala si mlangoni. Mlangoni hakuna anayesoma kitu. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo za ujanja: "Una karatasi ya Kiingereza huielewi? Piga", na namba yangu.

Ami aliniruhusu kwa kunionea huruma. Kesho yake mama mmoja wa Duga akasimama mbele ya manila, akaisoma yote kwa sauti, halafu akamgeukia: "Ami! Kumbe ndiyo maana kuku wangu wanaisha kila mwaka? Ulikuwa unaniuzia nini siku zote?" Duka zima kimya. Ami akanyanyua mkono kuibandua. Yule mama akaendelea, "Sasa nipe chanjo nyingine, na hayo maziwa ya unga unayo?" Mkono wa Ami ukashuka taratibu. Wiki ile ile akaagiza maziwa ya unga, na akaniita niandike manila ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, na ya dawa za minyoo. Kwa kila moja alinipa elfu kumi, baadaye nikapandisha, akanung'unika, akalipa.

Simu zikaanza. Mkataba wa mkopo wa pikipiki, barua ya bima, maelezo ya mashine ya kukamulia nazi. Majibu ya hospitali nilikuwa nasoma kilichoandikwa tu, ugonjwa namrudisha kwa daktari wake. Usije ukajitia udaktari kwa sababu unajua Kiingereza. Mkandarasi mmoja mdogo wa mambo ya bomba la mafuta, lile linalotoka Uganda kuishia Chongoleani, akaniletea maelekezo ya usalama kazini yawe Kiswahili. Ndiyo kazi iliyoninunulia kompyuta, imetumika lakini inawaka.

Halafu 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mawakili waliozoea kuandika Kiingereza miaka yote wakajikuta wanatafuta maneno. Karani wa ofisi moja ya mawakili alikuwa anafuga kienyeji, kaja kwa Ami kununua dawa, kasoma manila, akauliza, "Hiki Kiswahili kilichonyooka kaandika nani?" Sikuomba kazi, niliitwa. Wale wahitimu wa sheria tuliokuwa tunapishana nao Mlimani bila salamu, leo wananitumia ujumbe saa tano usiku: "Dada yangu, samahani, hati hii inatakiwa kesho." Dada yangu! Nimejiandikisha pia BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, kama mfasiri. Nakushauri ufanye mapema, maana watu wakubwa huuliza hilo kabla ya kuuliza bei.

Kuna wanaoniambia simu inatafsiri bure. Sawa. Mteja wangu mmoja aliniletea mkataba wa pango uliotafsiriwa na simu, mpangaji na mwenye nyumba wamebadilishana nafasi katikati ya ukurasa wa pili, paa likivuja analipa asiyestahili. Alikuwa karibu kutia saini. Nilimtoza mara mbili, moja ya kazi na moja ya simu yake.

Sina mshahara, kwa hiyo hakuna mwajiri wa kunikata ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kama wenzangu wa maofisini. Lakini deni linakungoja hata ukijiajiri, usijidanganye. Mie nalipa kidogo kidogo.

Bei sitaji, kila mji na watu wake. Ila chukua nusu kabla ya kuanza. Nusu ya pili, mwoneshe kazi kwenye kompyuta yako, akae asome hadi mwisho akubali, na faili usilitume mpaka uone ujumbe wa muamala umeingia. Mawakili watakwambia mteja wao bado hajalipa. Mpe pole, mmiminie chai, na fleshi ibaki mfukoni mwako.