Pedali tano, ubao wa sentimita 45

Kona ninayosimama kupiga gitaa la besi kanisani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, ina upana wa hatua moja na nusu. Kushoto kuna stendi ya simbali, kulia kuna spika ya monita, na nyuma yangu ndiko wanakopita wanakwaya wakipanda jukwaani. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa natandaza pedali sita za kubadilisha sauti ya gitaa hapo sakafuni kila Jumapili asubuhi, naziunga moja moja kwa vijiwaya huku watu wananiruka na viti mikononi. Siku moja mama mmoja wa sauti ya pili alijikwaa katikati ya pambio, jeki ikachomoka, besi ikanyamaza mpaka wimbo ukaisha. Mama hakuumia, namshukuru Mungu. Jioni ileile nilichukua rula nikaanza kupima.

Pedali zangu zote ni za Boss, na kisanduku chao hakibadiliki: upana milimita 73, urefu milimita 129. Tano zikikaa mstari mmoja zinachukua sentimita 36.5. Matundu ya jeki yako ubavuni, kwa hiyo kati ya pedali na pedali niliacha sentimita 2 za jeki bapa. Nafasi ni nne, jumla inakuwa 44.5. Pedali sita zingevuka 53, na ubao wa namna hiyo haukai kwenye kona yangu wala kwenye begi ninalopanda nalo bodaboda. Moja ilipaswa kutoka.

Iliyotoka ni korasi, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi. Niliipenda sana chumbani kwangu. Lakini ukumbi wetu una kuta za zege na paa la bati, sauti inajirudia yenyewe bila kuombwa, na korasi ilikuwa inazidi kuitawanya. Mwalimu wa kwaya aliwahi kuniambia, "Ndugu, nasikia besi ipo, ila sisikii noti gani." Zikabaki tuna ya kulinganishia nyuzi, okteva ya kuongeza noti ya chini, kompresa ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, ovadraivu ya ODB-3 ya kukwaruza sauti, na ikwalaiza ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba.

Ubao alinitengenezea mzee mmoja seremala wa Chang'ombe. Nilimwomba paini, ile inayotoka Mufindi, kwa sababu ni nyepesi. Mninga ni mzuri kwa macho lakini bega langu lina haki zake. Vipande viwili vya upana wa sentimita 8, katikati mwanya wa sentimita 4 wa kupitisha nyaya, nyuma umeinuliwa sentimita 7 na mbele 2. Mzee aliuliza swali moja tu: "Utaukanyaga?" Nikamjibu ndiyo, shikamoo nyingine juu. Akasema, "Basi misumari italegea, mwanangu. Tutie gundi na skrubu." Hadi leo haujalia hata mara moja. Utepe wa kunasia pedali nilinunua soko la Majengo kwa mafundi viatu, ni uleule wa viatu vya watoto. Upande wenye ndoano nimegandisha kwenye mbao, wenye manyoya chini ya pedali.

Kazi kubwa ilikuwa mpangilio. Nianze na okteva, kwa kuwa ndiyo inayoamuru wenzake. Yangu ni OC-2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1982 na kusimamishwa 2003. Inasikiliza noti unayopiga, kisha inatoa nyingine chini yake kwa okteva moja au mbili. Inaelewa noti moja kwa wakati. Ukiacha uzi mwingine unalia pembeni, inababaika, inatoa mlio kama wa mtu anayesukutua. Ndiyo maana inataka sauti safi, ikiwezekana ile inayotoka moja kwa moja kwenye gitaa. Nilijaribu kuiweka baada ya ovadraivu, nikapata fujo tupu: ovadraivu inazalisha milio mingi juu ya noti moja, na okteva haijui ifuate upi. Niliijaribu pia baada ya kompresa. Wapo wapigaji wanaopenda hivyo, wanasema noti zikishalinganishwa okteva inazishika vizuri zaidi. Kwenye vidole vyangu ilikuwa kinyume: kompresa ilikuwa inavuta juu ule mkia wa noti unaokufa, na okteva ikawa inaushikilia na kuuyumbisha. Kwa hiyo kwangu ni tuna, okteva, kompresa, ovadraivu, ikwalaiza. Tuna iko mbele ya zote ili isome uzi kabla sauti haijabadilishwa, na nikiikanyaga inazima kila kitu wakati mchungaji anaomba.

Kompresa kukaa kabla ya ovadraivu kuna faida yake. Ovadraivu inakwaruza kadiri unavyogonga. Ukipiga kwa hasira inanguruma, ukipapasa inasafika. Kompresa ikishasawazisha, mkwaruzo unakaa pale ulipouweka wimbo mzima. ODB-3 ina kitufe cha kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa, nami sikivukishi katikati. Ovadraivu ikiachiwa yote inakula uzito wa chini, na besi bila uzito wa chini ni gitaa la rithimu lililochelewa kuamka.

Okteva pia nimeijifunza mipaka. Uzi wa E mtupu, yaani usiobanwa kidole, unatetema mara 41 kwa sekunde. Ukiushusha okteva moja unafika 20.6, pale ambapo sikio la binadamu linaishia na spika yetu ilishakata tamaa zamani. Kinachobaki ni ampu kutumia nguvu bure na koni kucheza bila sauti. Kwa hiyo siigusi okteva mpaka nifike uzi wa D, unaoanza hezi 73, yaani mitetemo 73 kwa sekunde, na kushuka hadi kama 37. Hapo inanenepesha kweli. Na tukiimba zile nyimbo za Kigogo ambazo akina mama wanapiga muheme, naizima kabisa. Ngoma zile zina tumbo lao, na mtu anayejaza chini yake anawavunjia heshima.

Sasa, kitu kilichonisumbua kwa muda mrefu ni kudhani kwamba pedali lazima zikae ubaoni kwa mfuatano uleule wa sauti. Si lazima. Sauti inafuata waya, mguu unafuata nafasi. Kompresa na ikwalaiza haziguswi ibada nzima, ziko wazi muda wote. Zile tatu nyingine nazikanyaga, tena okteva katikati ya mstari wa wimbo, macho yakiwa kwa mwalimu. Nikaziweka kompresa na ikwalaiza katikati, okteva na tuna nikazipeleka kulia, ovadraivu pembeni kabisa kushoto, ambako kiatu hakiwezi kukosea. Gharama yake ni vijiwaya viwili virefu kidogo vinavyopita chini ya mwanya: kwenye mfuatano wa sauti ovadraivu inatangulia ikwalaiza, kwa hiyo waya unatoka kompresa kwenda kushoto kabisa, halafu unarudi katikati. Vijiwaya vya kwanza nilivyonunua vilikuwa vya kufinyangwa kwa plastiki, vikakatika ndani kimoja baada ya kingine. Binamu yangu alinitafutia waya wenye kinga na jeki bapa Kariakoo, akaja navyo kwa SGR, fundi redio mmoja wa hapa mjini akavichomea risasi kwa vipimo vyangu. Tangu hapo sijabadilisha hata kimoja.

Umeme ulinionyesha mambo mawili. La kwanza ni la OC-2. Nilipoiwasha kwa adapta ya volti 9 ikiwa peke yake, taa ilikuwa hafifu na okteva dhaifu, nikadhani nimeuziwa mbovu. Nikaigeuza. Chini yake imeandikwa ACA, wakati zile nyingine zinataka PSA, yaani volti 9 zilizotulizwa. Pedali za zamani za ACA zilitengenezewa adapta ya volti 12, na ndani zina kizuizi kinachopunguza. Ukizipa 9 peke yake zinabaki na njaa. Lakini nilipoiunga kwenye adapta moja yenye mkia wa vichwa vitano pamoja na wenzake, taa ikawaka vizuri, kwa kuwa umeme unapata njia ya kurudi kupitia vijiwaya vya sauti vilivyoziunganisha na kukwepa kile kizuizi. Kwa hiyo nimebaki na adapta ya mkia, ingawa naambiwa kila mara ninunue ile yenye matoleo yaliyotenganishwa. Nikinunua, itakuwa yenye tundu moja la volti 12. Nawe ukinunua adapta yoyote, tazama mchoro wake: pedali hizi zinataka hasi katikati, na adapta nyingi za modemu na redio zina chanya katikati. Hiyo inaunguza.

La pili ni ungurumo. Nyumbani ubao ulikuwa kimya. Kanisani, mmmm, muda wote. Na kila nikipiga noti ya G ya freti ya 3 (kile kijichuma cha tatu shingoni mwa gitaa) kwenye uzi wa E, noti ilikuwa inapumua: inavimba, inanywea, mara moja kwa sekunde. Nilibadilisha nyuzi, bado. Kumbe umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, na G ile ni hezi 49. Sauti mbili zikikaribiana hivyo zinapishana mara moja kila sekunde. Nilitaka kuushusha ungurumo kwa kitelezi cha hezi 50 kwenye ikwalaiza, nikaona nazika na G yenyewe, na nusu ya mapambio yetu yako kwenye G.

Mtu mmoja alinishauri nikate pini ya ardhi kwenye plagi ya ampu. Ungurumo ungekwisha, na mimi ningebaki nimeshika nyuzi za chuma zilizoungwa na ampu isiyo na kinga, mdomo ukigusa maiki. Watu wamekufa kwa namna hiyo. Ukikuta ampu imekatwa pini hiyo, usiiguse mpaka irudishwe. Chanzo kilikuwa kwamba ampu yangu inachukua umeme kwenye soketi ya jukwaani na mixa inachukua ya nyuma ya ukumbi, na waya wa sauti unaziunganisha ardhi zake kuwa duara. Nilinunua kisanduku cha di-ai, kile cha kupitishia sauti ya gitaa kwenda mixa, kisichotumia umeme, nikakifunga chini ya ubao kwenye ule mwinuko. Kina swichi ya kukata ardhi kwenye waya wa sauti unaokwenda mixa, basi. Kijana wa mitambo akaibonyeza, akaniangalia kutoka kule nyuma: "Kaka, umezima ampu?" Ilikuwa imewaka.

Vumbi sitalisema sana, wa Dodoma wanalijua. Kuanzia Julai upepo ukianza, ubao unafunikwa kanga mpaka dakika ya mwisho, na ukimaliza kazi unaingia kwenye mfuko wa turubai.

Siku hizi nafika, naweka ubao chini, nachomeka waya wa gitaa, wa mixa, wa ampu na plagi. Kisha, kabla wanakwaya hawajapanda, napiga G ya freti ya 3, naiacha ilie mpaka ife yenyewe, nasikiliza kama inapumua.