Lubumbashi hadi Likasi: safari ya kusikiliza popo

Usiku wa kuamkia safari tulianza hapahapa Lubumbashi, chini ya mwembe. Popo wa matunda mwenye vishungi vyeupe mabegani hahitaji kifaa, masikio yanatosha. Dume hujining'iniza tawini na kulia ting, ting, ting, kama mtu anayegonga rimu ya gari kwa mbali, karibu mara moja kila sekunde, huku akivitoa vishungi vyake. Anaita majike. Ukimmulika tochi usoni hunyamaza, kwa hiyo zima taa na usubiri.

Kesho yake tulishika barabara ya taifa namba 1 kwenda Likasi, kilomita 120 hivi. Malori ya madini, mifuko ya makaa kandokando, hayo tu.

Kazi yenyewe huanza jua linapozama. Popo wengi wala wadudu hulia juu ya kilohezi 20 (kilohezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), ambako sikio la mtu limekwisha kukoma. Simu pia haifai: nyingi hurekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, na huishia kwenye nusu yake, yaani kilohezi 24. Tunatumia kipokezi kidogo chenye kitufe cha kuzungusha, kinachoshusha mlio hadi usikike. Kwanza kijaribu kwa kutikisa funguo: zikilia kwa kishindo, kiko sawa. Kisha weka 45, shuka polepole hadi 20, halafu panda. Kosa la wengi ni kukiacha palepale. Kifaa cha aina hii husikia kilohezi chache tu kila upande wa namba uliyochagua. Popo wa 110 atakupita kichwani nawe unasema hakuna kitu. Kaa pia mbali na nyenze na jenereta, maana kelele zao hupanda hadi huko.

Kwenye nyumba kuukuu yenye paa la mabati tuliwasikia kabla ya kuwaona: mlio mkali wa kugombana ndani ya dari, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Kisha wakatoka. Kwenye 25 ilisikika tak... tak... tak, yaani popo anatafuta windo kwa kusikiliza mwangwi wa mlio wake. Ghafla ikabana: taktaktak-trrrrp! Hapo amemfikia mdudu, na milio yake imepanda kutoka kama kumi hadi zaidi ya mia kwa sekunde, kwa sababu kadiri windo linavyokaribia ndivyo anavyohitaji habari mpya haraka. Sikiliza kinachofuata hiyo trrrrp, maana kwangu ndicho kiini cha safari nzima: popo wengine hugeuka na kuja. Mlio aliotoa ili ajue mdudu alipo umekuwa tangazo la chakula kwa majirani. Wakizidi kusongamana, baadhi hupandisha au kushusha kilohezi za mlio kidogo ili mwangwi wa mmoja usichanganyike na wa mwingine. Huko Amerika kuna popo anayefanya kinyume: mwenzake anapokaribia kukamata, yeye hupiga mlio wa kumvuruga ili amkose mdudu. Hilo lilithibitishwa mwaka 2014.

Siku ya pili tulikwenda kwenye mawe ya chokaa. Hapa nasema kwa uzito wote: simama nje ya mdomo wa pango, upande ambao upepo hautoki ndani. Wachimba dhahabu wa Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, waliugua homa hatari ya Marburg kati ya 1998 na 2000, na popo wa matunda alalaye mapangoni ndiye anayebeba kirusi hicho. Usimshike, usile tunda alilong'ata.

Nje unasikia yote. Popo huyo hatumii koo kutafuta njia. Anagonga ulimi, ta-tak, ta-tak, mara mbili mbili, kushoto na kulia, na sikio zuri huupata mlio huo bila kifaa. Wale wenye pua iliyokunjamana kama jani hushikilia sauti moja ndefu, na wakiruka kasi hushusha kilohezi zake kidogo ili mwangwi urudi palepale sikio lao linapopokea vizuri zaidi.

Mwishoni, ndani kabisa, vilio vyembamba vilivyojirudia: watoto walioachwa ukutani. Mama anaporudi huita, mtoto wake hujibu, naye humtambua kwa sauti kwanza, kisha kwa harufu, katikati ya wote wale. Tulizima kipokezi saa tatu usiku, betri zilipokwisha.