Pindo jekundu limekubali, safari ya nne

Jana usiku nimegusa pindo la picha ninayochora kwa kidole, kikatoka kikavu. Hakuna mkunjo hata mmoja! Wiki tatu nzima nimehangaika na hii nyekundu.

Ni picha yangu mwenyewe ubaoni, kwa mpangilio wa khanga: sura yangu katikati kama mji wa khanga, pindo kuzunguka, chini mahali pa jina, yaani ule msemo wa khanga. Sura ilikwisha Juni bila shida. Pindo ndilo lililonitesa. Kila nikipaka mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi, baada ya muda mfupi rangi inajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nikakwangua, nikapiga msasa, nikapaka upya. Ikajikunja. Nikanunua kopo jingine, yaleyale. Nikalaumu baridi ya Julai hapa Moshi, siku sita Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hatujakiona kwa mawingu, na kweli rangi ya mafuta hukawia kukauka kwenye ubaridi. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alipaka rangi za namna hii juu ya hadibodi, lakini yeye alikuwa na joto la Dar es Salaam.

Mkosaji hasa alikuwa thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi. Nilitumia ile kali ya kupulizia magari kwa sababu inakausha haraka. Ile inapenya mkono wa chini ambao haujakomaa, unavimba, juu panakunjamana. Sasa ni tapentaini tu, mkono mwembamba mpaka ubao unachungulia, kisha siku tatu sigusi. Na brashi iwe ya nywele laini. Zile ngumu za plastiki zinaacha michirizi, sizitaki tena.

Kwenye jina nilipanga kuandika msemo, na nyuma ya macho kuweka taa. Taa nimeziacha. Fundi kompyuta jirani alinipa RAM mbovu 11, vile vibao vya kumbukumbu ya kompyuta, nikazimwaga mezani: kijani, nyembamba, sentimita 13 hivi. Masale haya! Mama ni mtu wa Tanga, khanga imetoka kwake. Baba ni wa Marangu, na kwa Wachagga ukimkosea mtu unampelekea jani la isale kuomba msamaha. Basi hapaandikwi kitu. Yatakaa majani 11 mahali pa maneno, bila kupakwa, meno yake ya dhahabu yakionekana.

Gundi ya moto haishiki juu ya rangi, mawili yamedondoka usiku. Kesho nayafuta kwa spiriti, napiga msasa mgongoni, najaribu epoksi.