Ile Asilimia 20

Juzi daktari mmoja kijana wa idara yetu aliniletea andiko lake la utafiti nilipitie kabla dirisha la maombi ya ruzuku halijafungwa. Lilikuwa limeandikwa vizuri, na nilisoma bila kusimama hadi sehemu ya takwimu, palipoandikwa: "Tunatarajia tofauti ya asilimia 20 kati ya makundi mawili." Nikaweka kalamu chini. Sentensi hiyo niliwahi kuwa nayo mimi, karibu neno kwa neno, na ninajua inakotoka.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuomba ruzuku kwa jina langu mwenyewe, baada ya miaka ya kuwa jina la nne kwenye maombi ya Mwalimu, msimamizi wangu wa utafiti. Mada ilikuwa hii: watoto wenye ugonjwa wa moyo wa rumatiki, yaani vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki inayofuata maambukizi ya koo, na sindano zao za kinga za benzathini penisilini. Sindano moja kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, wengine hadi ukubwani. Mtoto akiipata bila kukosa, maambukizi ya koo hayapati nafasi ya kuamsha homa hiyo tena. Akikosa, kila homa mpya inaziharibu vali za moyo zaidi. Kwenye daftari la kliniki yetu karibu nusu ya watoto walikuwa wanarukaruka tarehe zao. Nilitaka kujua hivi: muuguzi akimpigia mzazi simu siku mbili kabla, watoto wangapi zaidi watafika?

Maandalizi yalikwenda kama yanavyokwenda kwa kila mtu. Barua za kuungwa mkono, wasifu wa kila mshiriki, bajeti inayorudishwa na watu wa fedha kwa sababu ya safu moja, kamati ya maadili inayotaka fomu ya ridhaa iandikwe upya kwa lugha ambayo mzazi ataielewa (na walikuwa na haki). Haya yote nikiwa na zamu za usiku wodini. Kuna ruzuku za kukuza watafiti, kama ile iitwayo K23 ya NIH, taasisi ya taifa ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, ambazo kwa kawaida humtaka daktari atenge angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi kwa utafiti. Ukiwa daktari bingwa mpya, unamwonea wivu mtu mwenye hiyo asilimia 75. Mimi ukurasa wa malengo mahususi niliuandika alfajiri, wodi ikiwa imetulia. Ni ukurasa mmoja tu, lakini wapitiaji wengi huanza nao, na wengine wanakuwa wameshaamua kabla hawajaufungua wa pili.

Kilichobaki kilikuwa ukubwa wa sampuli. Nikaenda kwa dada mtakwimu.

Alikuwa na kompyuta mbele yake lakini hakuigusa. Aligeuza nakala ya andiko langu upande mtupu, akachukua penseli.

"Bila simu, wangapi wanafika?"

"Asilimia 50."

"Na simu ikiwepo?"

"Asilimia 70."

Akaandika, akapiga hesabu taratibu, akazungushia duara: watoto 93 kila kundi. Moyo ukatulia, kwa sababu 93 ilikuwa inaingia vizuri ndani ya kiwango cha juu cha fedha ambacho mfadhili alikuwa ametangaza. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Mdogo wangu, hiyo 70 umeitoa wapi?"

Nikamweleza ukweli. Fedha zilizotangazwa zilitosha wauguzi wawili na mwaka mmoja na nusu wa kazi. Wauguzi wawili kwa muda huo wangeweza kufuatilia watoto mia mbili hivi. Na ukiwa na watoto mia mbili, tofauti unayoweza kuiona ni kama hiyo ya 20. Ndivyo maandiko mengi ya vijana yanavyojengwa, na sidhani ni kwa hila: unaanza na fedha, unarudi nyuma hadi kwenye idadi ya wagonjwa, na tofauti inayotarajiwa inajipanga yenyewe.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Simu ikileta nyongeza ya 10, utaona ni faida?"

Nilifikiria watoto tunaowapokea wakiwa wameshavimba miguu. Nikasema ndiyo, hata 10 ni faida kubwa.

"Basi tupange kwa 10."

Alipiga hesabu upya. Penseli ilikuwa butu, na namba ya pili aliiandika nene kuliko ya kwanza: 388 kila kundi. Tofauti imepungua nusu, watoto wameongezeka mara nne na zaidi. Nilikuwa naijua kanuni hiyo tangu shahada ya uzamili, lakini sikuwahi kuiona ikitembea juu ya kazi yangu mwenyewe.

Alikuwa hajamaliza. Akauliza kama muuguzi mmoja anaweza kumpigia mama huyu simu na kumwacha yule waliyekaa naye benchi moja kliniki. Nikasema haiwezekani, watasimuliana. Kwa hiyo, akasema, kura ya kugawa makundi haiwezi kupigwa mtoto kwa mtoto, lazima ipigwe kliniki kwa kliniki. Na watoto wa kliniki moja wanafanana, muuguzi wao mmoja, kabati la dawa moja, kwa hiyo kila mmoja anakupa habari pungufu kuliko unavyodhani. Akachukua kliniki ya watoto 20 na kiwango kidogo tu cha kufanana, 0.05. Moja, jumlisha 19 (wale 20 ukimtoa mmoja) mara 0.05. Ikaja 1.95. Akazidisha na ile 388. Watoto 757 kila upande, zaidi ya 1,500 jumla, kabla ya kuwahesabu watakaohama au kupotea njiani.

Tulikaa kimya tukiiangalia ile karatasi. Nyuma yake, upande uliochapwa, kulikuwa na jina langu na kichwa cha utafiti, na wino ulikuwa unaonekana kwa kupenya chini ya hesabu zake.

"Una njia mbili," akasema. "Uirudishe ile 20 na mimi nisiweke jina langu. Au uombe fedha za kuuliza swali ambalo fedha hizi zinaweza kulijibu."

Swali hilo lilikuwa la utafiti wa awali wa kupima kama jambo lenyewe linawezekana. Je, wauguzi watapiga hizo simu kweli? Wazazi wangapi watakubali kushiriki, na wangapi wataendelea hadi mwisho? Namba za simu zinabaki zile zile kwa muda gani? Utafiti wa aina hiyo hautakiwi kudai kwamba simu zinafanya kazi. Unatayarisha njia ya utafiti mkubwa utakaoweza kusema hivyo.

Mwalimu hakufurahi. Alisoma toleo jipya akiwa amesimama, akanirudishia. "Mfadhili hampi fedha mtu anayemwambia hajui," akasema. Nilimweleza kuhusu 757. Alizielewa namba haraka kuliko nilivyozielewa mimi, na bado aliamini kwamba kijana anatakiwa kwanza apate mlango, mengine yatarekebishwa akiwa ndani. Nilimheshimu na bado namheshimu kwa hilo. Hakuwa anasema nidanganye, alikuwa ananieleza jinsi watu wengi wazuri walivyoingia. Alisaini.

Tulikataliwa. Mpitiaji mmoja aliandika kwamba wazo ni zuri ila halina makuu. Mwingine akaandika kwamba mwombaji hana taarifa za awali. Utafiti wenyewe ulikuwa wa kukusanya taarifa za awali! Nililia siku hiyo. Naandika hili kwa ajili ya walio wadogo kwangu ambao hudhani sisi wengine hatukuumia. Huko NIH, kwa mfano, maombi yanayopewa alama dhaifu kwenye mapitio ya mwanzo kwa kawaida hayajadiliwi kabisa kikaoni, na mwombaji hubaki na maoni ya maandishi tu. Kuna upweke wake katika kusoma maoni ya watu ambao hawakukaa pamoja kuzungumza kazi yako.

Baadaye mfuko mwingine, mdogo zaidi, ulitupa fedha kwa andiko lile lile likiwa limepunguzwa. Tukaanza. Wiki chache ndani, muuguzi wetu mkubwa alikuja na orodha yake ya simu, akasimama mlangoni. "Daktari, leo nimpigie mama aje kuchukua nini? Kabatini hamna penisilini." Hilo halikuwa kwenye swali langu. Tukaanza kuandika kila tarehe ambayo dawa ilikosekana, na kila mtoto aliyesema haji kwa sababu sindano inauma, maana ile sindano inauma kweli na watoto hawaisahau. Simu zilipigika, wazazi wengi walipokea. Lakini kukosekana kwa dawa na hofu ya maumivu vilijaza kurasa nyingi kuliko usahaulifu.

Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa GOAL uliofanyika Uganda kwa watoto 818 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado umejificha, umeonekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti tu. Baada ya miaka miwili, ambao ugonjwa wao ulisonga mbele kwenye kipimo hicho ni asilimia 0.8 ya waliopata sindano, na asilimia 8.2 ya wasiopata. Niliyasoma matokeo yale nikatoka nje kidogo kuvuta pumzi. Sindano zinawasaidia watoto hawa, zikifika mwilini. Tangu hapo swali la zifikeje limekuwa zito zaidi kwangu.

Kijana wangu wa juzi aliniuliza kama nilifanya vizuri kuiacha ile 20. Sikuweza kumjibu moja kwa moja. Nikiwa na 93 kila kundi huenda ningepewa fedha mapema, na kabati tupu lingeonekana vilevile, tena mapema zaidi, na kuna watoto ambao kwao miaka hiyo ilikuwa na maana. Huenda pia ningetangaza kwamba simu hazisaidii kitu, kwa sababu tu sampuli ilikuwa ndogo mno kuiona ile 10, na mtu mwingine asingejaribu tena. Nimelala na maswali yote mawili.

Utafiti mkubwa sasa tunauandika, wa simu, wa dawa kuwepo, na wa kupunguza maumivu ya sindano. Unahitaji kliniki nyingi na fedha za kiwango kingine, kama za NIH. NIH humhesabu mtu kuwa mtafiti anayeanza ndani ya miaka 10 tangu amalize shahada yake ya juu ya utafiti au mafunzo yake ya ubingwa, na huweza kuongeza mwaka mmoja kwa aliyejifungua. Nimeomba mwaka wangu huo. Hata nikiuhesabu, muda ni mfupi, na dada mtakwimu bado hajaridhika na idadi ya kliniki. Mwalimu anataka tutume kwenye dirisha hili. Kesho tunakutana sote watatu.